Magunia kumi na moja

Lori lilileta magunia 200 ya mahindi kutoka Moi's Bridge, kila moja kilo 90, na mimi ndiye niliyetia sahihi. Tuliyaanika kwenye maturubai, tukayapakia upya. Yakatoka magunia 189 na moja la nusu. Mwenye stoo, hapa Nakuru, aliniita mwizi mbele ya wapakiaji wote. Kumi na moja, akasema, yatakatwa kwenye mshahara wangu.

Ndugu mmoja kanisani alinishauri nigeuze shavu la pili, ninyamaze. Alinitakia mema, ila sikukubaliana naye. Yesu alipopigwa kofi kwa Anasi hakulipiza, lakini alimtaka aliyempiga aonyeshe kosa. Paulo, aliyepigwa Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa gerezani kwa siri; mahakimu waje wenyewe. Tena ningenyamaza, wapakiaji wangebaki na doa la wizi ambao haukuwapo.

Basi nilianza na hesabu. Siku ya kupokea, kipimo kilionyesha unyevu wa asilimia 18. Siku ya kupakia, 13.5, kiwango cha kuhifadhia. Wengi hukosea hapa: hutoa 13.5 kwenye 18, wakasema kilo 810 zimepotea. Kisichobadilika ni ile punje kavu, asilimia 82 ya kilo 18,000, yaani 14,760. Kwa unyevu wa 13.5, punje kavu ni asilimia 86.5 ya uzito; gawanya kwa 0.865, unapata kama 17,064. Kilo 936 zilikuwa maji yaliyokwenda na jua! Gunia la nusu, ambalo mzee hakulihesabu, lilipimwa likawa kilo 45; pamoja na yale 189, kilo 17,055. Kilo tisa hivi zilizosalia zilikuwa makapi na punje zilizomwagika, na hizo nilizikiri.

Nilimwendea mwenye stoo peke yangu kwanza, kama Mathayo 18 inavyoagiza, alfajiri kabla wapakiaji hawajafika, na daftari la mapokezi mkononi. Mtu aliyekushtaki mbele za watu huona vigumu kurudi nyuma mbele ya watu walewale, mpe faragha. "Mzee, naomba tuhesabu pamoja." Alikataa kulifungua.

Mara ya pili nilikwenda na karani aliyesoma kipimo. Hata Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, humruhusu mfanyakazi ambaye mwajiri anataka kumfuta kwa kosa aje na mfanyakazi mwenzake. Nilimpa barua yenye tarehe, nakala nikabaki nayo, nikamwambia wazi kwamba akinikata nitakwenda ofisi ya kazi. Usiku nilimwombea kwa jina. Siku za kwanza maneno yalikwama kooni.

Shehena iliyofuata, nayo ya asilimia 18, alitenga gunia moja, akalipima, likaanikwa peke yake. Lilirudi na kilo 85.

Makato aliyafuta hapohapo. Nilimwomba jambo moja zaidi: aseme mbele ya wale aliowasikizisha neno mwizi. Alisema Jumamosi, siku ya malipo, kwa sentensi moja, macho yake kwenye mizani.