Zaidi, elfu nne

Kwenye daftari langu la madeni, ukurasa wenye doa la asali pembeni, kuna mstari mmoja ambao si mwandiko wangu. Umeandikwa kwa herufi nyembamba, zimesimama wima kama askari wa gwaride: Zeidler, 4,000. Na huyo si mtu ninayemdai. Mimi ndiye ninayedaiwa.

Nauza asali Ngamiani, hapa Tanga mjini, barazani kwa shangazi yangu, mwaka wa kumi na moja huu. Mzigo unatoka Handeni kwa ndugu zangu, unashuka na basi kwenye madumu ya lita ishirini, mimi nauchuja na kuutia chupani. Mbele nimetundika kibao nilichoandika mwenyewe kwa rangi: ASALI MBICHI KUTOKA KWA WARINA WA HANDENI. Kibao hicho ndicho kilicholeta habari yote hii.

Binti alikuja saa mbili asubuhi, kashika baiskeli. Tanga hata mgeni siku ya tatu anatafuta baiskeli. Alikuwa mmoja wa wale vijana wa Kijerumani wanaokuja kujitolea mashuleni; mji wetu una udugu na mji wao mdogo wa Eckernförde, kaskazini kabisa ya Ujerumani, ufukweni kama sisi. "Shikamoo, baba." Marahaba. Akataka chupa ya nusu lita, elfu sita, akatoa noti ya elfu kumi. Sasa saa mbili asubuhi nani ana chenji? Nikamuuliza mama wa vitumbua wa baraza ya pili, hana. Binti akasema hamna neno, atapitia kesho. Nikampa daftari aandike jina ili nisije nikasahau.

"Tsaidla," akalitamka.

Mama wa vitumbua akasikia "Zaidi". Tangu saa ile mtaa mzima unamwita Zaidi, na mwenyewe alikuwa akiitika.

Akawa anakitazama kibao. Akachomoa simu, akatafuta neno, akacheka peke yake. "Baba, mrina ni mtu anayepanda mti kutoa asali?" Nikamwambia ndiye huyohuyo. "Basi na mimi ni mrina. Jina langu maana yake ndiyo hiyo."

Nikamuuliza kama amewahi kurina. Akasema hata kung'atwa na nyuki hajawahi.

Nilimvutia kigoda. Siku hiyo wateja wangu walisubiri, maana mimi ukinigusa kwenye asali umenigusa pabaya. Aliyonieleza, pamoja na niliyokuja kuyasoma baadaye usiku kwenye simu hadi bando likakata, ni haya.

Wajerumani wa leo mfugaji nyuki wanamwita Imker. Zeidler ni neno la zamani, la watu wa msituni. Kuna kitenzi zeideln, yaani kukata masega na kutoa asali, na anayefanya hivyo ndiye Zeidler. Hakuwa na mzinga wa kutundika. Alikuwa akipanda msonobari uliosimama hai, akiuchonga shimo juu kwenye shina lake, akiliziba kwa ubao wenye tundu dogo la nyuki kupita, kisha anashuka na kungoja kundi liingie lenyewe. Msimu ukifika anapanda tena kwa kamba, anakata masega, mengine anawaachia wenyewe wapitishie baridi. Kule wakikombwa yote, theluji inawamaliza.

Pakubwa pao palikuwa msitu wa Nürnberg. Waliuita bustani ya nyuki ya Dola, na mwaka 1350 mfalme Karl IV akawapa hati ya haki zao. Walikuwa na mahakama yao wenyewe katika kijiji cha Feucht. Kesi ya kuibiana masega haikwenda kwa hakimu wa mjini, ilisikilizwa na watu wanaojua sega ni nini. (Ningeomba tuletewe mahakama hiyo Handeni hata kwa mwaka mmoja.) Na walibeba silaha, ule upinde wenye mtambo wa kufyatulia, kwa sababu walikuwa na wajibu wa kumtumikia mfalme. Mrina asali mwenye silaha na hati ya mfalme! Babu yangu alikuwa na panga na kamba ya katani.

Utajiri wenyewe ulikuwa wa namna mbili. Asali ndiyo sukari ya wakati huo, na mpaka leo Nürnberg ni maarufu kwa mikate yake ya asali na viungo. Nta nayo ilikuwa ya mishumaa ya makanisa, ikipiganiwa kuliko hata asali. Halafu yakaja mageuzi ya dini, mishumaa ikapungua. Ikaja vita ya miaka thelathini, 1618 hadi 1648, ikachoma vijiji. Ikaja sukari ya miwa. Kazi ikafa polepole. Jina likabaki limening'inia kwa watu, kama kamba iliyosahauliwa mtini.

Nikamuuliza: kwa hiyo kwenu akina Zeidler mko wengi? Akatikisa kichwa. Shuleni kwao alikuwa peke yake, na kila ofisi anayoingia lazima alitaje herufi kwa herufi. Akaniambia majina yaliyojaa kwao ni Müller, msaga nafaka; Schmidt, mhunzi; Schneider, mshonaji; Fischer, mvuvi; Weber, mfumaji. Hapo nikaelewa bila kuambiwa zaidi. Kila kijiji kilihitaji kinu na mhunzi. Mrina wa msituni je? Lazima pawe na msitu mkubwa, wa aina hiyo, na bwana mwenye msitu akupe ruhusa. Kwa hiyo jina lilizaliwa sehemu chache tu: pande za Nürnberg, na mashariki huko Saksonia na Silesia. Tena ndani ya hao wachache wengine wanaandika Zeitler, kwa t, hasa Bavaria, basi hata huo uchache wenyewe umegawanywa.

Na yeye kafikaje kaskazini ufukweni? Babu yake mzaa baba alikuwa mtoto huko Silesia. Mwaka 1945 vita ilipokwisha nchi ile ikawa ya Poland, Wajerumani wakaondolewa, familia ikashukia ilikoshukia. Wakajikuta ni akina Zeidler katikati ya akina Hansen na Petersen.

Akina Hansen na Petersen nao wana lao, na hili ndilo lililonikaa moyoni. Zamani kule kaskazini hapakuwa na jina la ukoo. Peter akizaa Hans, mtoto ni Hans Petersen, yaani Hans wa Peter. Hans akizaa Jens, huyo ni Jens Hansen. Jina linahama kila kizazi, kama letu tu: jina lako, la baba, la babu, na babu wa babu ameshatoka kwenye foleni. Ndipo mwaka 1771 serikali ya mfalme wa Denmark, aliyetawala sehemu hizo, ikatoa amri kwamba basi, ulilonalo leo ndilo la wajukuu. Jina likaganda. Aliyekuwa Petersen siku hiyo, kizazi chake ni Petersen mpaka kesho.

Sasa nije kwangu, maana hapa mtanicheka.

Babu yangu aliitwa Mrina. Si jina alilozaliwa nalo, alilipata kwa kazi. Ukifika kijiji chetu ukauliza jina lake la dini, watoto hawakuelewi. Uliza Mzee Mrina, watakupeleka hadi mlangoni. Alikuwa na mizinga ya magogo zaidi ya mia, imetawanyika porini, na kila mmoja aliujua kwa tabia. "Wale wa kwenye mkuyu wakali, usiwaendee umevaa nguo iliyokaa jikoni." Alirina usiku. Nilimshikia kamba mara mbili nikiwa na miaka kama tisa. Nakumbuka cheche za mwenge zikidondoka gizani, na yeye juu anaongea nao kwa Kizigua, sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Kisha ndoo inashuka na kamba, nzito, ina joto, na ndani ya masega bado kuna nyuki wachache wanatambaa kama walevi.

Baba alipokwenda kuandikisha majina kwenye ofisi moja, karani akamuuliza la ukoo. Akajibu Mrina. Karani akaandika Mrema. Baba hakuwa na miwani. Zilipita wiki karatasi zikarudi, na sisi tukarudi nazo Wachaga. Kubadilisha ilitakiwa kiapo, picha, nauli ya kwenda na kurudi, na "njoo wiki ijayo" nyingi. Baba akasema Mrema na Mrina si mbali.

Si mbali! Mimi nimeishi nalo. Nikienda benki naulizwa natoka Marangu au Kilema. Msibani mtu ananisalimia Kichaga, namjibu kwa tabasamu. "Mrema gani huyu, kanzu na kofia kila Ijumaa?" Wanangu wanne wote ni Mrema, na wajukuu watakuwa hivyohivyo, kwani siku hizi vyeti vya watoto vinafuata cheti cha baba. Yaani amri ya 1771 sisi tumeipokea juzi kupitia kalamu ya karani mmoja asiyesikia vizuri.

Nilimsimulia Zaidi yote haya. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akanyamaza. Akasema, "Baba, ni ajabu. Mimi nina jina, kazi sina. Wewe una kazi, jina umenyang'anywa." Kiswahili chake kilikuwa cha kuunga, lakini hapo hakukosea neno.

Kuna jingine nilimwambia, na hili alikuwa hajafundishwa shuleni kwao. Nilimpeleka mpaka upande wa Raskazone, jioni, kila mtu na baiskeli yake. Ndipo Waingereza waliposhusha jeshi lao Novemba 1914, watu kama 8,000, wengi wao kutoka India. Upande wa Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000, na wengi wa hao ni askari Waafrika. Waingereza walirudishwa melini. Katikati ya mapigano risasi zilikuwa zinatoboa mizinga iliyotundikwa mitini, na nyuki wetu wakatoka kama wanavyotoka. Waliwashambulia wote, hata wapiga bombomu (bunduki za rasharasha) wa Kijerumani walikimbia, ila waliodhurika sana ni wale waliokuwa wanasonga mbele vichakani. Waingereza walisema Wajerumani ndio waliowatega nyuki kwa makusudi. Hakuna aliyewatega. Ile mizinga ilikuwa na wenyewe, warina wa hapa, ambao hakuna aliyeandika majina yao popote.

Ikabidi nimweleze na neno lenyewe. Mzinga ni nyumba ya nyuki, na mzinga ni lile bunduki kubwa la meli. Kwa hiyo mtu wa Tanga akikwambia vita ile ilishindwa kwa mizinga, muulize kwanza ipi. Akaandika kwenye kijitabu chake. Nikamwongezea kwamba kijana akikuomba hela ya soda barabarani, naye anakupiga mzinga. Hilo alikuwa analijua tayari, kwa kulipia.

Hela nayo alifurahi nayo. Alidhani ni neno letu la asili. Nikamwambia ni lenu, Heller, zile senti za rupia ya Kijerumani. Naye akaniambia Heller yenyewe imetokana na mji unaoitwa Hall, zilikofuliwa sarafu hizo zamani. Basi nikacheka mimi: kumbe kila siku nauza asali kwa jina la mji nisioujua.

Kuhusu kesho ya jina lake alizungumza haraka, kama kitu kisichomsumbua. Hana kaka. Zamani kwao mwanamke akiolewa sheria ilimpa jina la mume, wakaanza kuruhusiwa kuchagua mwaka 1976, na usawa kamili ukaja 1991. Kwa hiyo akitaka atabaki nalo na kuwapa wanawe. "Sijui kama nitataka," akasema. "Kulitaja herufi kwa herufi kunachosha." Sikumwingilia. Mtu aliye na jina lake halisi ana haki ya kulichoka.

Alikuja mara nyingi baada ya hapo, akanunua, akaonja ya nyuki wadogo akakunja uso kwa ule uchachu, kisha akarudi kuitafuta. Kila akija nilikuwa na chenji yake na kila akija tulikuwa na maneno mengi, elfu nne tukaisahau wote wawili. Wiki ya kuondoka alipita kuaga. Tanga ni waja leo, waondoka leo, tumeshazoea, lakini mama wa vitumbua alilia. Nililikumbuka lile deni basi lilipokwisha kata kona.

Kijana wangu wa pili, ndiye anayenisaidia hesabu, anataka tuufute ule mstari kwa kuwa unaharibu jumla. Nimemkatalia.

Mwezi uliopita nilipata ushujaa nikaamua kutengeneza lebo za chupa. Nikaenda kwa mchapaji, nikamwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikamtajia na kwa mdomo: ASALI YA MRINA. Nikalipa lebo mia mbili kabisa. Nilipozichukua zilikuwa zinang'aa, nyuki kachorwa vizuri, chini yake wameandika ASALI YA MARINA. Mashine ilirekebisha yenyewe, akaniambia.

Nimezibandika. Hela ilikuwa imeshatoka. Sasa wateja wananiuliza Marina ni nani, nawaambia ni babu yangu.