Mkanda wa kusoma ubongo, wiki ya 6: shemeji kaniuliza swali

Hatimaye mkanda wangu wa kichwani umenasa mawimbi ya ubongo jamani!! Wiki 5 zote kumbe nilikuwa nasoma umeme wa ukutani, mstari mnene kwenye 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde), juzi ndo nikachomoa chaja nikatumia betri, nikazima na feni (joto la Dar mnalijua), nikamwambia shemeji afumbe macho. Alfa hiyo hapo, yaani wimbi la ubongo uliotulia, kama mizunguko 10 kwa sekunde, akifumbua inapotea. Daktari Hans Berger aliiona kule Ujerumani miaka ya 1920, mimi nimeiona sebuleni, nikapiga kelele mpaka mtoto akaamka.

Shemeji akauliza, "Kwa hiyo umeona nawaza nini?" Nikacheka. Nikamwambia ubongo chukulia kama intaneti, seli za neva bilioni 86 hivi zinatumiana meseji, na hizi elektrodi zangu 2 (vipande vya kunasa umeme kichwani) ni sawa na mtu kasimama nje ya Uwanja wa Mkapa, anasikia kelele anajua goli limeingia ila nani kafunga hajui. Trafiki, yaani pilikapilika za meseji, naiona, meseji yenyewe siioni.

"Sawa, na hilo faili la rekodi yangu liko wapi?"

Hapo nikaishiwa maneno. Kodi ya programu nilikopi mahali, sikuisoma, kumbe kila rekodi inapandishwa kwenye seva huko nje.

Usiku nikakaa kusoma sheria. Chile wameuingiza ulinzi wa ubongo kwenye katiba tangu 2021, na Agosti 2023 Mahakama ya Juu yao ikaamuru kampuni ya Emotiv, watengenezaji wa vifaa vya kusoma ubongo, ifute data za ubongo za Guido Girardi, seneta wa zamani, ambaye kifaa alikinunua na kukivaa mwenyewe. Jimbo la Colorado, Marekani, nao 2024 wakazitia data za neva kwenye sheria ya faragha. Sheria yetu Tanzania ya taarifa binafsi ya 2022 inataja afya na bayometriki (alama za mwili kama za vidole), nadhani mawimbi yanaingia humo humo lakini wakili anaweza akabisha.

Na ule utetezi wangu wa "trafiki tu" haufiki mbali, maana hata kwenye simu, kujua nani kampigia nani saa ngapi kunatosha kuvunja ndoa. Shemeji ni dereva wa basi la mkoani. Mawimbi yanaonyesha mtu anavyoanza kusinzia, sasa bosi wake akilipata lile faili?

Nimezima apulodi, ya kwenye seva nimefuta, rekodi sasa zinakaa kwenye memori kadi na kadi shemeji kaondoka nayo mwenyewe. Wiki ijayo naongeza elektrodi ya 3, ila natafuta kichwa kingine, huyu kagoma.