Tulivyokubaliana namna ya kuandika majina ya nyimbo za Kiswahili

Ugomvi ulianzia kwenye herufi kubwa. Tuko watu wachache, wengi wa Mombasa na Dar es Salaam na mmoja yuko Muscat, tunaoingiza santuri za zamani za Kiswahili kwenye MusicBrainz, hifadhidata ya muziki ambayo yeyote aliyejisajili anaweza kuihariri. Mabadiliko mengi hukaa wazi siku 7 ili wengine wayapigie kura. Basi mmoja akiandika “Penzi La Mbali”, mwingine anageuza kuwa “Penzi la mbali”, wa tatu analirudisha lilivyokuwa. Nilijitolea kusuluhisha kwa sababu nilichoka kufungua barua pepe za kura.

Lebo, zile karatasi za katikati ya santuri, hazikutusaidia. Kwenye santuri nyingi za miaka ya 1960 na 1970, jina zima limepigwa kwa herufi kubwa. Mwongozo wa MusicBrainz nao hauna kanuni moja kwa dunia nzima: Kiingereza kina utaratibu wake, maneno karibu yote yanaanza kwa herufi kubwa, na Kifaransa kina wake. Kwa hiyo hakuna aliyetulazimisha kufuata Kiingereza, ingawa baadhi yetu tulikuwa tukikifuata bila kujiuliza.

Niliomba jambo moja: mtu asilete maoni, alete santuri inayomsumbua. Hapo ndipo mambo yalipoanza kusogea. Wale waliotaka mtindo wa majalada ya vitabu, maneno makuu kwa herufi kubwa na madogo kwa herufi ndogo, walitakiwa watutajie hayo madogo ni yapi. “Ya” na “na” hazina ubishi. “Bila” je? “Si” je? “Kwenye”? Jioni moja ya mjadala ilitosha. Tukaamua neno la kwanza na majina ya watu na mahali ndiyo yaanze kwa herufi kubwa, mengine yote madogo. Kwangu mimi uzuri wake ni kwamba mgeni anaielewa kwa dakika moja.

Kazi yenyewe ilikuwa tahajia. Kijana mmoja wa Dar alikuwa akizipitia taarabu za Mombasa na kuzisafisha: “ndia” akaifanya “njia”, “mato” akayafanya “macho”. Mzee mmoja mkusanyaji wa santuri, mtu wa Mvita, akamwandikia: “Mwanangu, mwimbaji huyo hakukosea. Ndivyo tunenavyo.” Kijana akajibu, “Shikamoo mzee, nimekuelewa, lakini atakayetafuta kwa Kiswahili sanifu ataupataje wimbo?” Wote wawili walikuwa na hoja.

Nikawakumbusha Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Alikwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV mwaka 1928, na ni mwaka huohuo mkutano wa Mombasa ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji iliundwa 1930. Lebo ya wakati ule utaipimaje kwa tahajia ambayo ilikuwa haijasanifiwa?

Tukakubaliana sikio ndilo hakimu. Weka santuri, sikiliza. Mwimbaji akitamka “ndia”, jina libaki “ndia”. Lebo ikiwa na “MAPEZNI” na mwimbaji anasema mapenzi, hilo ni kosa la mchapaji na linarekebishwa. Maneno yaliyokatwa ovyo, tuseme “NITA RUDI”, yanaunganishwa kuwa “Nitarudi”. Na kile kilichoandikwa kwenye lebo hakitupwi: kinawekwa kama jina mbadala la rekodi, pamoja na umbo sanifu la jina la lahaja, ili utafutaji uukamate wimbo kwa njia yoyote. Kijana alipoona “njia” inamfikisha kwenye “ndia”, aliondoa pingamizi lake mwenyewe.

Majina mbadala yalitumalizia pia ubishi wa nyimbo zinazojulikana kwa kibwagizo. Wimbo wa Them Mushrooms, bendi ya Kenya, uliotoka 1982 unaitwa “Jambo Bwana”, ila watu kibao wanauita “Hakuna matata”, na mwaka 1983 Boney M. wakautoa kwa jina lenye vyote viwili. Jina la kazi, yaani la wimbo wenyewe bila kujali nani ameurekodi, linabaki moja, mengine yanaingia chini yake, na rekodi ya Boney M. inabaki na jina walilolitumia wao.

Mengine yalikwisha haraka. Lebo huandika “Rumba” au “Chakacha” chini ya jina. Huo ni mtindo wa muziki, si sehemu ya jina, unakwenda kwenye tagi, yale maneno ya kuainisha rekodi. Wimbo uliogawanywa pande mbili za santuri unapata koma na namba, na kama lebo imesema “Part 2” hatutafsiri kuwa “Sehemu ya 2”. Mzee hakulipenda hilo, akakubali kwa shingo upande.

Sasa tuna ukurasa mmoja, na mgeni akija tunampa asome kabla ya kugusa chochote. Sheng, lugha ya mitaani ya Kenya, ndiyo tuliyoiacha nje ya kanuni ya tahajia: neno moja linaandikwa namna tatu na wasanii watatu, kila mmoja kwenye toleo lake rasmi. Huko tunafuata alivyoandika msanii mwenyewe, na anayetaka kusahihisha ataje anasahihisha kwa kamusi ipi.