Nilivyojifunza kutoka katikati ya filamu na kurudi bila kukosa uhondo

Daktari aliponianzishia dawa ya kutoa maji mwilini juu ya ile ya presha, swali langu la kwanza halikuhusu chumvi wala mazoezi. Nilimuuliza kama nitaweza kuendelea kwenda sinema. Mimi ni mtu wa sinema tangu utoto. Hapa Dar es Salaam baba alikuwa akitupeleka kumbi za Avalon na Empire, na akifanikiwa kuazima gari, tunajaa humo kina sisi wote tunakwenda kule Msasani, kwenye sinema ya kutazamia ndani ya gari. Kukaa gizani na watu msiojuana, mkicheka pamoja na kunyamaza pamoja, ni raha ambayo televisheni ya sebuleni haijawahi kunipa, hata iwe kubwa namna gani.

Naandika kwa sababu wenzangu wengi wa rika langu wameacha kwenda. Ukiwauliza watakwambia tiketi ghali, foleni za barabarani, usiku unaingia. Ukikaa nao faragha ndipo mmoja anakwambia kweli: "Dada, naogopa kubanwa humo ndani." Mwenye kisukari anaogopa hilo, mwanamume mwenye tezi dume analiogopa, na mama aliyezaa watoto wengi vilevile. Mjamzito wa miezi saba ndiyo kabisa, hata hamu anaikana. Mtu anaona bora asiende kuliko kuinuka mbele za watu, aumize miguu ya wenzake, azibe skrini, kisha arudi asijue nani kamuua nani.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito wowote. Filamu za Kihindi tulizokua nazo zilikuwa za saa tatu, na katikati kulikuwa na mapumziko. Taa zinawaka, mlango unafunguliwa, watu wanamiminika nje kununua soda, karanga na sambusa, na anayetaka msalani anakwenda bila kumwomba mtu radhi. Filamu ya Sangam ya mwaka 1964 ilikuwa ndefu kiasi kwamba iliwekewa mapumziko mawili. Bibi yangu, aliyekuwa na sukari, alikwenda sinema mpaka uzeeni, na sikumsikia hata siku moja akisema habari ya kubanwa. Ukumbi ulikuwa umeshamfikiria.

Siku hizi filamu zimerefuka tena, ila mapumziko hayapo. Avengers: Endgame ya mwaka 2019 ina dakika 181. Oppenheimer ya mwaka 2023 ina dakika 180. Mwaka huohuo Killers of the Flower Moon ilitoka na dakika 206, na kumbi kadhaa za Ulaya na Marekani zilipojiwekea mapumziko zenyewe kwa huruma ya watazamaji, zikaambiwa ziache, filamu ionyeshwe mfululizo kama ilivyotengenezwa. Naheshimu sana kazi ya wasanii. Lakini kibofu cha mtu mzima mwenye afya hubeba takriban nusu lita, na haja huanza kuhisiwa kabla hakijafika hata nusu ya hapo. Huo mwili haujabadilika tangu enzi za bibi.

Basi nikaanza na dawa. Ninayotumia ni furosemaidi ya kumeza, na daktari alinieleza vizuri inavyofanya kazi: huanza ndani ya saa moja, hufika kileleni saa ya kwanza au ya pili, halafu huendelea kwa saa sita hadi nane hivi. Nikapiga hesabu. Nikimeza saa moja asubuhi, hadi saa tisa alasiri imeshamaliza kazi yake kubwa. Nilimuuliza kama ratiba hiyo ni sawa kwa hali yangu, akasema ni sawa, ila nisiruke dozi hata siku moja kwa ajili ya matembezi. Kwa hiyo kwangu maonyesho ya asubuhi na mchana yamefutika, nakwenda ya jioni na usiku. Wewe mwenye dawa tofauti muulize daktari wako swali hilohilo, waziwazi. Wala usione haya, wao wanaulizwa makubwa zaidi.

Maji siachi kunywa. Joto la Dar halina mchezo, na kujinyima maji kutwa nzima ili ukae kitini ni kujitafutia maradhi mengine. Ninachofanya ni kunywa vya kutosha mchana, kisha napunguza saa mbili za mwisho kabla ya filamu. Kahawa, chai ya rangi na soda ya kola siku hiyo siziweki mdomoni, maana zinaongeza haja. Bisi naomba zisizo na chumvi. Chumvi inaleta kiu, na presha yangu haitaki chumvi hata kidogo.

Kwenda msalani kabla ya filamu kila mtu anajua, lakini wengi wanakwenda mapema mno. Wanakwenda wakifika, kisha wanapanga foleni ya bisi, wanapiga picha, wanasalimiana, wanaingia, wanakaa kwenye matangazo na vionjo vya filamu zijazo. Filamu inapoanza hasa, muda mrefu umeshapita. Mimi naingia kwanza, naweka mtandio kwenye kiti, kisha natoka wakati matangazo yanaendelea na taa bado hazijazimwa zote. Narudi filamu inaanza.

Kiti ndicho nusu ya kazi. Nilikuwa napenda katikati kabisa, mstari wa juu, uso kwa uso na skrini. Sasa nachukua kiti cha pembeni kando ya ngazi, na kama ukumbi una mlango wa kuingilia usawa wa mistari ya kati, nachukua mstari ulio karibu na mlango huo ili nisipande wala kushuka ngazi nyingi gizani. Picha ya pembeni ni nzuri tu, macho yanazoea mapema. Jirani yangu namwambia kabla taa hazijazimwa. Juzi alikuwa kijana wa chuo. Nilimwambia, "Mwanangu, samahani, huenda nikainuka mara moja na kurudi." Akajibu, "Shikamoo mama, hamna shida kabisa, hata ukitaka nikushikie bisi." Watu wakiambiwa mapema hawakasiriki. Kinachowaudhi ni kushtukizwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonichukua muda kulielewa, nalo ni wakati gani wa kutoka. Wengi hungoja mpaka mwili ushindwe, ndipo wanakurupuka, na mara nyingi ni pale pazuri kuliko pote. Mimi natoka mapema, haja ikiwa bado ndogo, kwa kuchagua mwenyewe. Kwenye filamu za Kimarekani natoka mapigano yanapoanza au magari yanapofukuzana. Najua vijana watapinga, hiyo ndiyo sehemu waliyolipia. Lakini mapigano ukirudi unamwona aliyesimama na aliyelala chini, umeelewa yote. Yale mazungumzo ya utulivu, mama na mtoto mezani, wazee wawili kwenye baraza, ndiyo yanayobeba siri. Ukiyakosa hayo, mwisho wa filamu hutauelewa.

Kwenye filamu za Kihindi kuna ushauri wa zamani kwamba utoke kwenye wimbo. Mimi siukubali. Wimbo mmoja unaweza kubeba miaka: waliokuwa wakitazamana dirishani wameshaoana, mtoto amezaliwa, mume amepanda treni kwenda mjini kutafuta kazi, na yote hayo hakuna mtu atakayeyasema tena kwa maneno. Halafu wimbo wenyewe ndio uliotuleta! Natoka kwenye vichekesho vya yule mjomba wa pembeni asiyehusika na kisa.

Ila nafasi bora kuliko zote kwenye filamu za Kihindi ni nyingine. Nyingi bado zina maandishi ya mapumziko ndani ya filamu yenyewe. Ukumbi usiposimamisha, maandishi yanapita kwa sekunde chache, watu hawayajali, filamu inaendelea. Mimi nayasubiri hayo kwa hamu. Mtunzi ameijenga filamu akijua kwamba hapo watu watatoka: kabla yake tu anaweka jambo zito la kukushika, siri inafichuka au mtu anapigwa risasi, na baada yake anaanza taratibu, kwa sababu anajua wengine bado wanarudi vitini na soda mkononi. Maandishi yakitokea tu, nainuka. Nakosa kidogo sana, na mara nyingine sikosi chochote.

Kwa filamu za Kimarekani binti yangu alinionyesha programu ya simu inayoitwa RunPee. Aliyeianzisha ni Mmarekani, Dan Florio, ambaye wazo lilimjia baada ya kutazama King Kong ya mwaka 2005, nayo ilizidi saa tatu. Tovuti yake ilianza 2008. Kazi yake ni moja: inakwambia dakika ipi unaweza kutoka bila kukosa jambo kubwa, na inakupa muhtasari wa ulichokosa. Unaiwasha filamu inapoanza, unaiweka simu mfukoni, muda ukifika inatetemeka. Nasisitiza mfukoni. Simu inayomulika katikati ya giza inasumbua watu kuliko mama mzima anayepita mbele yao.

Kutoka kwenyewe: mkoba uwe begani tayari, si wa kuutafuta chini ya kiti. Viatu viwe vya soli laini. Nainama kidogo, najishikiza kwenye kiti na si kwenye bega la mtu, nafuata zile taa ndogo za kwenye ngazi. Sikimbii. Kwa umri wangu kuanguka ngazini ni balaa kubwa kuliko kukosa dakika moja.

Kurudi ndiko kugumu kuliko kutoka, kwa sababu ya macho. Ukikaa gizani, macho huendelea kuzoea kwa nusu saa hivi mpaka yafike mwisho wa uwezo wake. Taa kali za msalani zinafuta kazi hiyo yote mara moja, kwa hiyo unarudi ukumbini hauoni hata mkono wako. Nina njia mbili. Ya kwanza, nikiwa kwenye mwanga nafumba jicho moja kadiri ninavyoweza. Jicho hilo linabaki limezoea giza, na nikiingia ukumbini ndilo linaloniongoza. Ya pili, sikimbilii kitini. Nasimama kwenye ujia wa kuingilia, ukutani, nasubiri tukio la mchana, la jua au la ufukweni, maana skrini ikiwa nyeupe ukumbi mzima unaonekana. Ndipo natembea. Na pale ninaposimama naendelea kutazama, kwa hiyo hakuna ninachopoteza.

Nikikaa, sinong'oni "kumetokea nini?" Mimi na binti yangu tuna makubaliano: ananiambia sentensi moja sikioni, bila mimi kuuliza. "Mama, kaka mtu ndiye aliyeuza shamba." Imetosha. Mengine tutazungumza njiani.

Kuna kutoka kwingine ambako si kwa haja, nako ni kwa swala. Onyesho la saa kumi au saa kumi na moja la filamu ndefu lazima Magharibi iingie ukiwa ndani, na Magharibi ina muda mfupi. Rafiki yangu mmoja hutoka, huswali, hurudi, na yote niliyosema kuhusu kiti na macho yanamfaa vilevile. Mimi nimeona nafuu onyesho la saa mbili usiku. Nimeshaswali, nimeshapata na nafasi ya kupumua baada ya foleni ya barabara ya Sam Nujoma.

Nimepata na faida ambayo sikuitarajia. Miguu yangu ilikuwa ikivimba nikikaa saa tatu mfululizo. Tangu nianze kuinuka katikati na kutembea kidogo, naondoka ukumbini viatu bado vinanitosha.

Bado nataka mapumziko yarudi kwa filamu zinazofika saa tatu, na nalisema hilo kila ninapopata wa kumwambia. Haliwezi kuwa gumu. The Brutalist ya mwaka 2024 ina dakika 215, na dakika 15 kati ya hizo ni mapumziko aliyoyaweka mtengenezaji mwenyewe ndani ya filamu, na saa inahesabu kwenye skrini hadi sehemu ya pili ianze. Watu walitoka, wakarudi, na hakuna aliyesema sanaa imeharibika. Wenye kumbi zetu wakiona wazee na wajawazito wanarudi kukata tiketi, nadhani nao watatamani filamu za namna hiyo ziongezeke.

Shemeji yangu, ambaye amekuwa akikataa kila mwaliko tangu tezi dume ianze kumsumbua, amekubali kwenda nami Jumamosi. Filamu ni ya Kihindi, ya saa mbili na dakika arobaini. Tumechukua viti viwili vya pembeni, vimepakana na ngazi, na yeye atakaa cha nje. Nimeshamweleza kwamba maandishi ya mapumziko tuyatarajie baada ya saa moja na robo hivi, na kwamba yakitokea tutainuka sote wawili, yeye upande wa wanaume, mimi wa wanawake, tukutane pale kwenye ujia.