Nilisema "Tayari"

Juzi usiku hapa Uyole, baridi ya Juni ikiwa imetukusanya wote jikoni, binti yangu aliinua kichwa kutoka kwenye daftari la baiolojia, somo la seli kugawanyika na kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi. "Baba, kromosomu zinajuaje katikati ya seli ni wapi?"

Nilikuwa namenya viazi. Kisu kikasimama.

Kidato cha tano, Iringa. Hadubini tulikuwa nayo moja, na taa yake ilishakufa, kwa hiyo Mwalimu akatutoa uwanjani na kamba za katani. Tukasimama wawili wawili, mgongo kwa mgongo, viwiko vimeshikana: kila jozi ni kromosomu moja iliyokwisha kujinakili. Tulikuwa 24, yaani kromosomu 12. "Binadamu ana 46, kitunguu kina 16," akasema. "Nyie hata kitunguu hamjafika."

Kidato cha sita wakashika kamba pande mbili za uwanja, kila mmoja wetu akafungwa ya upande wake. Hakuna aliyetupanga. Jozi zilisogea huku, zikarudi kule, zikayumba, mpaka mvuto ukalingana na mstari ukatokea wenyewe katikati. Sijaona tena kitu kizuri namna ile kwenye somo lolote.

"Seli haigawanyiki mpaka wa mwisho ashikwe pande zote! Tayari?"

Wa mwisho nilikuwa mimi. Kamba yangu ilikuwa imefunguka, iko miguuni. Upepo unashuka kutoka Gangilonga, watu wanatetemeka, macho yote kwangu. Mwenzangu akanong'ona mgongoni, "Umeshikwa?"

Nikasema tayari.

(Seli halisi haidanganyiki kirahisi hivyo. Kromosomu moja tu ikining'inia bila kushikwa, seli nzima inasubiri. Mara nyingi.)

"Vuta!" Wengine wakaachana vizuri. Sisi wawili tukaenda upande mmoja, mimi kinyumenyume, tukaanguka vumbini. Kicheko. Mwalimu hakucheka. Alihesabu: huku 13, kule 11. "Hili likitokea yai linapotengenezwa," akaanza, "na ikawa ni kromosomu ya 21, mtoto..." Hakumalizia. Akainama kukunja kamba, moja moja.

Tulipomaliza shule tukapita kwake kuaga. Mlango ulifunguliwa na mwanawe, mtoto mwenye Down, ile hali ya kuzaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada. Alitushika mikono mmoja mmoja, hakuruka mtu. Ile kamba sikuitaja, wala Mwalimu hakuitaja.

"Baba?"

"Hazijui," nikasema. "Zinavutwa."

Akaandika. Nikachungulia daftari, nikamwambia aongeze: pande zote mbili.