Zabibu hazisubiri
Jana nilikuwa Hombolo kwa baba mdogo, tukavuna zabibu tangu alfajiri. Saa nne makreti yamejaa, mnunuzi akafika na gari, akatazama tu, akataja bei pungufu ya ile tuliyokubaliana kwenye simu. Baba mdogo akanyamaza. Angefanyaje? Zabibu si mtama uuweke ghalani usubiri bei. Kwa jua hili la Dodoma hazikai siku nyingi. Akapokea hela, akahesabu, akaenda kukaa chini ya mbuyu.

Inaniuma mno. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili anayepanga bei ni mwenye gari, wakati dawa za shambani baba mdogo alikopa.

Wenzetu wa kahawa Kagera, kupitia chama chao kikuu cha ushirika, KCU, huuza sehemu ya mzigo wao kwa mfumo wa biashara ya haki: ipo bei ya chini kabisa, na mnunuzi hawezi kulipa pungufu ya hiyo, hata soko la dunia likiporomoka. Sisi tungepata hata mtambo mdogo wa kukamua na matangi, mchuzi wa zabibu ungekaa, tukapata siku za kubishana bei. Jioni baba mdogo alishaanza kuwauliza majirani nani yuko tayari kuchanga.