Wa Jumuiya mnaoenda Santiago 2027, kabla ya viatu tuongee adabu za njiani

Jumuiyani kwetu hapa Kirumba, Mwanza, watu saba wameshaamua, 2027 wanaenda kutembea Camino, ile njia ya hija ya Hispania inayoishia kanisa kuu la Santiago de Compostela, kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo. Mwaka huo sikukuu yake, Julai 25, inaangukia Jumapili, na ikiangukia Jumapili kule mwaka mzima unakuwa Mwaka Mtakatifu, ndo maana wameuchagua. Sa kwa kuwa mi nilishaenda, kila nikikutana na mtu kanisani au pale mwaloni ananiuliza viatu, ananiuliza viza, ananiuliza shilingi ngapi. Kuhusu kuishi na wenzako njiani hajauliza hata mmoja, na hapo ndo mi palinitoa machozi, milima haikunitoa.

Nilianzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, ni kama kilomita 780 hadi Santiago, yaani ungekuwa umetoka Mwanza kwa mguu ukaipita Dodoma. Siku 36. Usiku mnalala hosteli za mahujaji, zinaitwa albergue, chumba kimoja watu ishirini, hamsini, dabodeka tupu, wanaume na wanawake humohumo. Saa nne usiku taa zinazimwa na asubuhi ikifika saa mbili nyingi wanataka muwe mmeshatoka.

Siku ya pili nikaamka saa kumi na nusu alfajiri, nikawasha tochi ya simu, nikaanza kupanga begi. Vitu vyangu vyote nilikuwa nimevifunga kwenye mifuko ya plastiki visilowane, ile migumu, na ukiigusa gizani ni kama mtu anakanyaga majani makavu masikioni mwako. Mama mmoja wa Kijerumani kitanda cha chini akageuka, tukaangaliana, mi kwa malezi yangu siwezi kumwangalia mtu mzima asubuhi nikanyamaza, nikamsalimia tena kwa sauti nzuri kabisa. Akaweka kidole mdomoni. Shhh. Jamani. Niliumia! Mtu umri wa mama yangu namsalimia ananinyamazisha? Nilitembea na hilo jambo kifuani kilomita kama kumi.

Tukakutana naye kwenye mgahawa, akaja mwenyewe na kikombe chake cha kahawa akakaa, akaniuliza kama nimelala vizuri, akanionyesha begi lake: nguo kwenye vifuko vya kitambaa, na kila kitu kimepangwa jana yake jioni. Asubuhi yeye anabeba begi na viatu mkononi anatoka nje, anavalia huko. Akasema jirani yake wa kitanda cha juu alikuwa na homa usiku kucha na ndo kwanza alikuwa amepata usingizi. Mi sikujua. Ndo nikaelewa kwamba kile kidole kilikuwa kinamlinda mgonjwa. Kwetu heshima inatoka mdomoni, unamsalimia mtu, nyumbani hawajambo, watoto, umelalaje, na usipofanya hivyo umemdharau. Kule asubuhi heshima ni kumwachia mwenzako usingizi wake. Salamu zipo, subiri mtoke nje. Ukimpita mtu njiani unamwambia Buen Camino, yaani njia njema, mnaendelea, wala usisimame kumuuliza habari za kwao, mwenzio ana mwendo wake na magoti yake.

Na hili la mwendo niwaambie mapema maana litawauma. Kwetu ukitoka na mtu unafika naye. Kule mtatembea na mtu masaa mawili mmeongea mambo mazito kabisa, alafu anakuambia haya, tutaonana mbele, anakaza mwendo anapotea, au anakuambia leo nataka kutembea peke yangu. Hajakasirika. Jioni utamkuta anamenya vitunguu jikoni na anakuita ukae.

Maswali pia. Sie ni kawaida, umeolewa, watoto wangapi, kabila gani, unafanya kazi gani. Niliona watu wanajikunja. Lakini hapohapo mtu ambaye hataki kukuambia kazi yake anaweza akakuambia amezika mwanae mwezi wa tatu, na hujamuuliza. Swali la kwa nini unatembea linaulizwa sana, ila liulize likiwa jepesi, na akijibu kwa mkato mwache. Mi nilikuwa natembea kwa ajili ya mama, na kuna siku niliweza kusema na kuna siku sikuweza.

Yule Mjerumani alitaka nimwite jina lake tu kavu. Nilijaribu, mdomo ukakataa, nikamwomba nimwite Mama na nikamweleza kwa nini, akanyamaza kidogo akasema sawa. Kwa hiyo sio kwamba muache kila kitu cha kwenu uwanja wa ndege. Neno pole, kwa mfano, wale hawana. Mtu anavua soksi malengelenge yamepasuka, wenzake wanampa ushauri wa plasta na sindano. Mi nikasema pole. Wakauliza maana yake, nikasema ni kumwambia mtu nimeona unaumia. Baada ya wiki mbili kundi letu lote, Wakorea wawili, Mtaliano, yule Mama, ilikuwa pole, pole sana, jikoni pole, ngazini pole.

Kina dada, bebeni khanga mbili. Watu wanabadili nguo hapohapo vitandani na hakuna anayemwangalia mwenzake, hiyo ndo adabu yao, kutokuangalia. Mi nilining'iniza khanga kwenye kitanda cha juu nikavalia nyuma yake na hakuna aliyeniona wa ajabu.

Hela. Mkila pamoja kila mtu analipa chake mpaka senti, msione ubahili. Na kuna hosteli zinaitwa donativo, hazina bei, kuna sanduku unaweka unachoweza. Naomba hapa mnisikilize: donativo haimaanishi bure. Wanaowapikia ni watu wa kujitolea, na chakula cha leo kimenunuliwa kwa hela ya waliolala jana. Nimemwona mtu ana simu ya mamilioni anapita pale sanduku kama halioni, nikasikia aibu kwa niaba yake. Pale Irache kuna bomba la mvinyo, kiwanda chenyewe kimeliweka mahujaji wanywe bure tangu 1991, ni la kuchota kidogo na kuonja, usijaze chupa. Na zabibu za mashambani mnazopita katikati yake, msichume. Mngeona mtu anapita Magu anavuna mahindi ya mtu mngesemaje.

Cheti cha kumaliza hija kinatolewa ukitembea angalau kilomita 100 za mwisho, kwa hiyo wengi wanaanzia Sarria, na ukifika hapo njia inajaa ghafla. Waliotoka mbali wanaanza kuwabeza hao, eti watalii. Sitaki kusikia mmoja wenu anafanya hivyo. Bibi wa miaka sabini anayeanzia Sarria na fimbo mbili, wewe unajua ametoka wapi?

Kabla ya huko, juu ya Foncebadón, kuna nguzo ndefu yenye msalaba wa chuma juu, na chini yake kilima cha mawe ambayo watu wameleta kutoka kwao. Nilibeba langu kutoka ufukwe wa Igombe, dogo, kijivu, mama alikuwa anapenda kukaa pale jioni. Nilipofika kulikuwa na watu kama kumi, hakuna anayeongea. Nikaliweka. Nikalia kwa sauti, kwa kilio chetu, na nikawaza nimeharibu ukimya wa watu. Hakuna aliyeweka kidole mdomoni. Yule Mama alikuja akasimama pembeni yangu, hakunishika, akasema pole.

Jumamosi asubuhi tukutane nyumbani kwangu saa kumi na moja na mabegi yenu kamili, tutatembea mpaka Igombe kwa mguu. Watoto watakuwa wamelala sebuleni. Mtapanga begi humohumo taa imezimwa, na akiamka mmoja mnarudia.